Kompyuta Yenye Milango Miwili



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo dogo ambalo huweza kuitia nyumba hasara pasipo mwenyewe kujua. Yafaa wazazi walisome pamoja na vijana wao, Bukoba mjini, Muleba, na kila penye kompyuta nyumbani.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Muleba. Kompyuta yake ina kadi mbili za mtandao. Moja yaunganishwa kwa waya na mtandao wa ndani, wenye printa na kisanduku cha kuhifadhia masomo ya watoto. Na mtandao huo waendelea hadi ule wa dukani kwa baba, mlango wa pili. Kadi nyingine hupata intaneti kwa modemu isiyo na waya, inayolipiwa kifurushi. Waya ukichomekwa, intaneti yakatika. Ukichomolewa, intaneti yarudi, lakini masomo na printa havionekani tena. Baba adhani kifurushi kimekwisha, anunua kingine. Fedha zapotea, na kosa halikuwa la kifurushi hata kidogo.

Sababu ni hii. Kila kinachotoka katika kompyuta hubeba anwani ya kinakokwenda, mfano wa barua. Kompyuta huitazama anwani hiyo katika jedwali lake la njia. Ikiwa ni ya jirani wa kadi fulani, huipitisha kadi hiyo moja kwa moja. Ikiwa haimo katika jedwali, huikabidhi kwa lango kuu. Ndivyo tufanyavyo nasi: mzigo wa Kamachumu huenda kwa gari, na wa kisiwa cha Bumbire huenda mwaloni kwenye mitumbwi.

Amma fujo huanza pale kadi zote mbili zinapopewa lango kuu. Kompyuta ya Windows hufuata lango lenye namba ndogo zaidi, iitwayo metriki. Na kadi yenye kasi zaidi ndiyo ipewayo namba ndogo. Kwa kawaida waya hushinda. Basi barua zote za nje huelekezwa kwenye lango la ndani, lisilo na njia ya kutokea, zikaishia hapo.

Dawa yake ni mambo manne.

Kwanza, lango kuu liwe moja tu, upande wa intaneti. Katika kadi ya ndani andika anwani kwa mkono, na mahali pa lango pabaki patupu. Kadhalika seva ya majina iwe ya upande wa intaneti.

Pili, mitandao hiyo isitumie anwani za fungu moja. Tangu mwaka 1994 zimetengwa kwa mitandao ya ndani anwani zianzazo na 10, na 192.168, na 172.16 hadi 172.31. Modemu ikitumia 192.168.1, nyumba itumie 10.0.1, na duka 10.0.2.

Tatu, kompyuta iambiwe njia ya dukani, maana haiijui. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uandike: route -p add 10.0.2.0 mask 255.255.255.0 10.0.1.1. Maana yake, kila kiendacho dukani kipitie lango la ndani, 10.0.1.1. Herufi p huifanya njia hiyo idumu hata kompyuta ikizimwa. Kisha andika route print, ulitazame jedwali: mstari uanzao na 0.0.0.0 mara mbili, ambao ndio wa lango kuu, uwe mmoja tu.

Nne, katika kadi ya intaneti ondoa alama ya kushirikisha majalada na printa, wala usiziunganishe kadi hizo mbili zikawa daraja. Picha za jamaa na hesabu za duka ni siri ya nyumba. Hapana haja zionekane na wapitao nje.

Nyumba zetu zina mlango wa mbele na mlango wa uani, na kila mmoja wajua nani apite wapi. Kompyuta nayo yataka kufundishwa hivyo. Basi, ewe kijana, kabla baba hajatoa fedha za kifurushi kingine, keti naye mlitazame jedwali la njia.