Marijani si Jiwe

Imejikita katika nyoyo za watu wengi, wauzaji na wanunuzi sawasawa, itikadi kwamba marijani nyekundu, ile fedhaluka ivaliwayo shingoni na kutiwa katika pete za fedha, ni jiwe kama yakuti au akiki, lililolala chini ya maji likingoja kuokotwa, na kwamba bahari, kwa upana wake, haitaishiwa nalo kamwe. Itikadi hiyo ni batili, na madhara yake ni makubwa.

Tangu miaka ya 1720 tabibu wa Marseille, Peyssonnel, aliyachungua yaliyodhaniwa kuwa maua ya marijani akabaini kwamba ni wanyama, na wanachuoni wa Paris wakampuuza. Leo hapana mjuzi abishaye, ila sokoni habari ni zile zile za jiwe. Wanyama hao wadogo hujijengea shina la chokaa taratibu mno, hata unene wake hautimizi nyongeza ya milimita moja kwa mwaka, ilhali wavuvi wa Torre del Greco, karibu na Napoli, na wenzao wa mwambao wa Algeria na Tunisia, walikokota miambani, karne baada ya karne, msalaba mzito wa miti uliofungwa nyavu, ukivunja mengi na kunasa machache. Umoja wa Ulaya haukuupiga marufuku hadi mwaka 1994.

Atasema mtu: mbona huko Sciacca, Sisili, kati ya 1875 na 1880, ilipatikana marijani tele hata bei ikaanguka? Naam, ilipatikana, lakini ilikuwa imekwisha kufa zamani, ikarundikana chini, nayo ilipozolewa haikuota nyingine mahali pake.

Na wale wadaio kwamba isiyo ya asili haina hadhi, wakumbuke samesame, ushanga mwekundu wa kioo kutoka Venice, wenye rangi ya marijani, uliobebwa na misafara ya karne ya 19 kwenda bara, ambako ulitakwa kuliko aina nyingi nyingine. Kama kipendwacho ni wekundu, kioo chautoa bila kuua kitu.

Mataifa yalikutana mwaka 2007, na tena 2010, yakakataa kuitia marijani hii katika orodha ya viumbe ambao biashara yao yasimamiwa. Kwa hiyo nasema bila kusita: pete mpya ya fedhaluka isinunuliwe.