Jioni ya jazi na filamu za kale nyumbani

JE, msomaji, Jumamosi jioni jamaa yako huwa wapi? Aghalabu baba yuko barazani na wenzake, mama yuko jikoni, kijana aliyekuja likizo amejifungia chumbani na simu yake, naye nyanya anasinzia peke yake. Mko katika boma moja, lakini ni kama abiria wa mabasi ya Nairobi na Mombasa wanaoshuka Mtito Andei kunywa chai, kisha wanaachana bila kujuana majina.

Dawa ya hali hii si ghali. Tengeni jioni moja kwa wiki, mtazame filamu ya kale na kusikiliza jazi pamoja. Hakuna haja ya kufunga safari kwenda kutafuta jumba la sinema mjini. Runinga ya kawaida, au hata simu iliyounganishwa na kipaza sauti kidogo, yatosha.

Kwa mkaaji wa Mtito Andei, filamu ya kuanzia iko mlangoni pake. Ukishika barabara ya kuelekea Voi utavuka Mto Tsavo, mahali ambapo mwaka wa 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli. Kisa hicho kilizaa Bwana Devil ya mwaka wa 1952, ambayo watu waliitazama kwa miwani maalum ili picha zionekane kama zinawarukia. Mwaka wa 1996 ikaja The Ghost and the Darkness. Hii ya pili inatisha, kwa hivyo hakikisha watoto wadogo wamelala kwanza.

Lakini usiwaache vijana wameze kila waonalo. Waambie kwamba sehemu kubwa ya filamu hiyo ya 1996 ilipigwa Afrika Kusini, wala si Tsavo. Simba wake wana manyoya marefu shingoni, ilhali wale wawili wa kweli hawakuwa nayo. Patterson, mhandisi Mwingereza aliyewaua, alitaja watu 135 walioliwa. Wanasayansi waliochunguza mifupa na nywele za simba hao walikadiria mwaka wa 2009 kwamba walikuwa kama 35. Kisha mgeukie babu, umwulize yeye alisimuliwaje kuhusu siku za ujenzi wa reli. Hapo filamu itakuwa imefungua mlango ambao maswali ya kawaida ya mezani hayaufungui. Kijana atagundua kwamba babu ana habari zisizo katika simu, naye babu atagundua kwamba bado yupo mtu wa kumsikiliza.

Simba wale leo wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago. Na mji huo huo ndio utakaotuingiza kwenye jazi, kwani ndiko Louis Armstrong alikokwenda mwaka wa 1922, akitoka New Orleans, kujiunga na bendi ya King Oliver. Rekodi alizofanya huko kuanzia mwaka wa 1925 na kundi lake la Hot Five zingali zinasikilizwa. Utasikia mchakacho, usidhani kipaza sauti chako kimeharibika. Mitambo ya siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Sikiliza tarumbeta tu kwanza, kisha urudie wimbo na kusikiliza ala nyingine.

Nyanya akilalamika kwamba huu ni muziki wa wageni, mkumbushe kwamba neno jazi si geni kwake. Dar es Salaam Jazz ilikuwako tangu miaka ya thelathini. Morogoro Jazz ilimlea Mbaraka Mwinshehe, ambaye alifariki mwaka wa 1979 kutokana na ajali ya barabarani humu nchini. Huko Kongo, Franco na wenzake waliunda OK Jazz mwaka wa 1956. Kweli, bendi hizi hazikupiga jazi ya Kimarekani. Zilichota zaidi rumba na ngoma za kwetu. Hata hivyo, nyanya akichagua wimbo mmoja wa Mbaraka na kijana akachagua mmoja wa Armstrong, wote wawili watakuwa na la kulinganisha.

Filamu na jazi pia hukutana. Stormy Weather ya mwaka wa 1943, isiyofika saa moja na nusu, yafaa jamaa nzima: yumo Lena Horne akiimba, Fats Waller kwenye piano, na ndugu wawili Nicholas wakicheza ngazini kwa miruko itakayowaacha watoto vinywa wazi. Kwa wakubwa, iko filamu ya Kifaransa ya Louis Malle, Ascenseur pour l'échafaud. Mnamo Desemba 1957, mjini Paris, Miles Davis alipuliza muziki wake akiwa anatazama picha zenyewe, bila kuandika nyimbo kamili kabla. Jaribuni kutazama kipande kimoja bila sauti, kisha mrudie na sauti. Mtaona jinsi tarumbeta inavyoongeza majonzi usoni mwa mwigizaji.

Mambo machache ya kuzingatia. Kwanza, wakati wa muziki simu zote ziwekwe kando. Upande mmoja wa sahani kubwa ya santuri huchukua kama dakika ishirini. Hakuna asiyeweza kutulia kwa muda huo. Pili, ikiwa mzee ana sahani au kaseti za zamani, usizitupe. Sahani zisimamishwe wima, mbali na dirisha, kwani jua kali la Mtito Andei huzipinda. Kaseti nazo zifungiwe vumbi lisiziingie. Tatu, stima ikipotea msitawanyike. Endeleeni na masimulizi. Nne, wape watoto zamu ya kuchagua, hata kama chaguo lao halikupendezi.

Huenda wiki ya kwanza kijana akanuna, na ya pili akapiga miayo. Usimgombeze. Mwulize tu ni ala gani aliyoipenda, kisha unyamaze umsikilize. Wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wao hawasemi nao, ilhali hawajawapa jambo la kuzungumzia isipokuwa karo na alama za mtihani. Haba na haba hujaza kibaba.

Jumapili njema.