Mji wa Mahindi Haibridi Unacheka Mbwa Koko

Wasee wa Kitale, mnachekesha. Mji mzima unakula kwa sababu ya mahindi chotara, lakini mkiona mbwa chotara mnamrushia mawe. Akipita German Shepherd wa elfu thelathini mnatoa simu na kupiga naye picha.

Leo naongea na wewe unayeweka doh kidogo kidogo ununue mbwa "pyua". Pia na wewe unayewauza. Wewe hasa.

Tuanze nyumbani. Kenya Seed ilianzishwa hapa Kitale mwaka 1956. Mwaka 1964 ikatoka mbegu ya H611. Ilitengenezwaje? Watafiti walichukua mahindi ya hapa, yaliyoitwa Kitale Synthetic II, wakayachanganya na mahindi kutoka Ecuador, huko Amerika ya Kusini. Damu mbili za mbali zikakutana, mavuno yakapanda. Shosho yeyote wa Trans Nzoia anajua hii kitu. Anajua pia akirudia kupanda mbegu aliyotoa kwa gunia lake, mahindi yanarudi nyuma. Ndiyo maana kila msimu yuko kwa laini ya kununua mbegu mpya.

Sasa angalia venye mbwa pyua hutengenezwa. Ni kinyume kabisa. Mwaka 1873 Waingereza walianzisha Kennel Club kule London, na kazi yake kubwa ikawa kuandika mbwa kwa daftari. Nchi zingine zikafuata. Mbwa ambaye wazazi wake hawamo ndani ya daftari, hata awe mzima na mwerevu kiasi gani, haingii. German Shepherd alianza 1899, wakati Mjerumani Max von Stephanitz aliponunua dume anaitwa Horand na kumwandika wa kwanza kwa daftari. Halafu watoto na wajukuu wa huyo dume wakapandishwa wenyewe kwa wenyewe ili sura isipotee.

Daftari likifungwa, lazima ndugu wazaane na ndugu. Kila mnyama hubeba jeni mbovu kadhaa. Nyingi hazimdhuru akirithi nakala moja tu. Shida ni pale baba na mama wanabeba ubovu ule ule kwa sababu babu yao ni mmoja. Mtoto anapata nakala mbili, na ugonjwa unaamka. Ongeza na watu kuchagua sura badala ya afya, basi umemaliza mbwa.

Mnataka mifano? German Shepherd anajulikana dunia nzima kwa ugonjwa wa nyonga. Mfupa wa paja haukai sawa kwa tundu lake, unasagika, na mbwa anaanza kuburuta miguu ya nyuma akiwa bado kijana. Bulldog amepewa kichwa kikubwa na nyonga nyembamba mpaka kuzaa kumemshinda. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2010 ulikuta zaidi ya 80% ya uzao wa bulldog unatolewa kwa upasuaji. Pug naye uso umebanwa mpaka anahema kama amepanda Mlima Elgon, na amelala tu kwa kochi. Ile sauti mnayoiita "cute" ni mnyama anatafuta hewa. Kule Norway, mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba kuzalisha Cavalier King Charles jinsi wanavyozalishwa ni kuvunja sheria ya wanyama, kwa sababu ya maradhi ya moyo na fuvu.

Kama unadhani hii ni shida ya wazungu na mbwa wao, skia ya Basenji. Huyu ni mbwa wa Kongo, wa kuwinda msituni, asiyebweka. Hata jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi". Miaka ya 1930 wachache walipelekwa Uingereza, daftari likafungwa, na hao wachache wakawa mababu wa karibu wote waliokuwa huko. Baadaye ukatokea ugonjwa wa Fanconi, ambapo figo zinamwaga sukari na virutubisho kwa mkojo mpaka mbwa anakonda na kufa. Wapenzi wa Basenji walifanya nini? Mwishoni mwa miaka ya 1980 walirudi Kongo kutafuta mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 Wamarekani wakafungua daftari ili hao waingie. Yaani pyua aliokolewa na mbwa wa kijiji. Koko bana!

Turudi Kitale. Wale wa London angalau wana daftari na wengine wanapiga mbwa eksirei ya nyonga kabla ya kumpandisha. Wewe muuzaji una nini? Una dume mmoja na dada yake kwa kibanda cha mabati, na "setifiketi" uliyochapisha saiba. Hata ile setifiketi halali kazi yake kubwa ni kutaja ukoo. Haikuhakikishii kwamba nyonga ni nzima. Halafu mtoto wa watu anatoa akiba yote, mwaka haujaisha mbwa hawezi kusimama, na simu yako haishiki.

Najua mtasema, "Koko hawezi kulinda boma." Uliza usiku hapa Kipsongo nani hubweka mtu akikaribia mlango. Mtasema pia koko wanaugua. Ukweli, parvo na kichaa cha mbwa vinawaua. Lakini hiyo ni kwa sababu mwenyewe hajawapeleka chanjo. Mifupa yao mara nyingi haina kesi. Hakuna mtu aliwachagua kwa mgongo wa kuteremka au pua ya kubanwa. Aliyeshindwa kukimbia au kupumua hakuzaa.

Sikatai kuchagua mbwa. Anayechagua mbwa wa kazi, mzima, na kuchanganya damu za mbali anafanya kile wale wa H611 walifanya. Ninachokataa ni kulipa zaidi ili mnyama aumie zaidi.

Kwa hivyo kama lazima ununue, mwone mama kwa macho yako, akitembea na akikimbia. Uliza baba ni nani, na kama wana undugu. Itisha eksirei ya nyonga. Muuzaji akianza kukasirika, umeshapata jibu, rudi nyumbani na pesa zako.

Ama uchukue katoto ka koko hapa mtaani, ukapeleke chanjo, ukape jina la heshima na chakula cha maana. Ile elfu thelathini itakulisha wewe na yeye. Atakayekucheka, muulize tu ugali aliokula jana ulitoka kwa mbegu gani.