Kura Bila Mfuko ni Maneno Tu



Wengi husema: «Kura ya komini ni kitu kidogo. Tungoje kura ya bunge na ya rais, hapo ndipo mambo yatageuka.» Sisi tunalikataa neno hilo. Bomba lisilotoa maji, takataka zilizolundikana mlangoni, feza ya meza inayodaiwa na mama sokoni kila asubuhi, njia ya giza ambamo mfanyakazi wa zamu ya usiku ananyang'anywa mshahara wake: mambo hayo yote ni ya komini. Tena anayewaambia kwamba kura hiyo ni ndogo, tazameni vizuri kama yeye mwenyewe hajajiandikisha kusimama.

Leo tunawaletea mfano wa mbali. Hatukuutoa kwa wafalme wala kwa majenerali. Tumeutoa kwa wapakuzi wa meli wa London, katika komini moja ya Uingereza iliyoitwa Poplar. Someni mpaka mwisho, kisha mseme kama kura ya komini ni mchezo wa watoto.

Poplar ilikuwa upande wa mashariki ya London, kando ya mto Thames. Hapo zilikuwapo bandari kubwa za West India, East India na Millwall. Mali ya dunia nzima ilipita juu ya mabega ya watu wa Poplar, lakini haikulala nyumbani mwao. Kazi ya bandari ilikuwa ya siku kwa siku. Asubuhi wanaume walisongamana mlangoni, kapita akawachagua aliowataka. Aliyeachwa alirudi kwa mke wake mikono mitupu. Mfanyakazi wa mgodi ambaye amepata kusimama mlangoni akingoja jina lake liitwe hana lazima ya kufasiriwa.

Tangu mwaka 1900 London iligawanywa katika komini 28, kila moja na baraza lake. Baraza la Poplar lilikuwa na washauri 42 waliochaguliwa na watu, na wao walimchagua meya. Lakini ni watu gani waliokuwa na kura? Zamani aliyepokea msaada wa maskini alinyang'anywa kura: njaa ilimfunga mtu kinywa mara mbili. Sheria ya mwaka 1918 iliondoa aibu hiyo, ikafungua mlango kwa wapangaji wengi, na kwa wanawake wengi waliotimiza miaka 30.

Basi mwezi wa Novemba 1919 watu wa Poplar wakaenda kupiga kura. Chama cha wafanyakazi, Labour, kikapata viti 39 katika vile 42. Washauri wapya hawakuwa mabwana wa ofisi kubwa. Walikuwamo watu wa reli, vibarua, wapakuzi wa bandari na wanawake. Meya wao akawa George Lansbury, mtu wa kanisa na wa sendika, aliyekuwa ameshughulikia taabu za maskini wa pale kwa miaka mingi.

Walifanya nini? Walianza na mambo ya karibu: nyumba, bafu za watu wote, msaada kwa mama na watoto wachanga. Mwaka 1920 wakaamua kwamba kila mtu mzima anayefanya kazi ya komini apate angalau pauni 4 kwa juma, na mwanamke sawasawa na mwanaume. Neno hilo la pili liliwashtua wengi kuliko la kwanza.

Lakini hapo, wandugu, ndipo walipogonga ukuta. Ukuta huo ni mfuko.

Sikilizeni namna feza ilivyokwenda. Komini ilitoza kodi ya nyumba kwa kadiri ya bei ya nyumba zenyewe. Kwa kodi hiyo ilijilisha, na tena ililipa sehemu yake kwa baraza kubwa la London, kwa polisi na kwa hospitali. Lakini sehemu kubwa ya msaada wa maskini ililipwa na kila mtaa peke yake. Westminster, kwa matajiri, majumba yalikuwa ya bei kubwa na maskini walikuwa wachache: kodi ndogo ilijaza sanduku. Poplar nyumba zilikuwa duni na maskini walikuwa wengi: kodi nzito haikutosha. Maana yake nini? Maana yake maskini ndiye aliyemlisha maskini, na tajiri aliyejipatia mali katika bandari zile zile alilala mtaa mwingine akitoa kidogo tu. Kazi ilikosekana mwaka 1921, mzigo ukazidi kuwa mzito.

Washauri wa Poplar walikuwa na njia mbili rahisi. Ya kwanza, kupandisha kodi mpaka mpangaji afukuzwe nyumbani. Ya pili, kuwanyima wenye njaa msaada. Wakakataa zote mbili, wakachagua ya tatu. Mwezi wa Machi 1921 wakaamua: «Tutatoza kodi ya kazi zetu na ya maskini wetu. Ile ya baraza kubwa, ya polisi na ya hospitali, hatutaitoza mpaka London nzima ibebe mzigo wa maskini pamoja.»

Wakashtakiwa. Tarehe 29 Julai 1921 wakaenda mahakamani kwa miguu, kwa mwandamano, na watu wa Poplar nyuma yao. Mahakama ikawaamuru watii. Hawakutii. Kuanzia tarehe 1 Septemba wakakamatwa, washauri 30: wanaume 25 wakapelekwa gereza la Brixton, wanawake 5 gereza la Holloway. Mmoja wao, Nellie Cressall, alikuwa na mimba. Je, walinyamaza? Hata! Lansbury alihutubia watu walio nje kupitia vyuma vya dirisha. Tena wakadai haki ya kufanya mkutano wa baraza ndani ya buloko, wakaipata, na wale wanawake wakaletwa kutoka gereza lao kuja kukaa na wenzao. Tangu lini mfungwa ameitisha mkutano na mlinzi wa gereza akafungua mlango? Serikali yenyewe ilijua kwamba washauri hao walikuwa na watu nyuma yao.

Komini jirani za Stepney na Bethnal Green zikaamua kufuata njia ile ile. Serikali ikaogopa. Tarehe 12 Oktoba 1921 waliobaki gerezani wakafunguliwa, na kabla mwaka haujaisha bunge likapitisha sheria ya kugawanya sehemu kubwa ya gharama ya maskini juu ya London nzima. Tajiri wa Westminster akaanza kulipa zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole thelathini vilifungua sanduku la mji mkuu wa Uingereza.

Hatutawadanganya kwamba yote yalikuwa sukari. Minnie Lansbury, mkwe wa George Lansbury, mmoja wa wale wanawake watano, alikufa tarehe 1 Januari 1922, baada ya miezi michache tu, akiwa na miaka 32. Na mwaka 1925 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba zile pauni 4 zilikuwa nyingi kupita kiasi, baraza halikuwa na haki ya kuwalipa wafanyakazi wake hivyo. Mnaona? Hata kule kwenye kura ya zamani, wakubwa walikuwa na mkono wa kuushika mfuko. Lakini mwezi wa Novemba 1922, Labour ilipopoteza komini nyingi za London, watu wa Poplar waliwarudisha watu wao. Waliona nani aliyelala gerezani kwa ajili yao.

Neno letu kwenu ni hili: kumchagua mshauri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua mfuko uko wapi, nani anautia, nani anautoa, na mshauri wako atasimama upande gani siku mfuko utakapofungwa. Kura bila mfuko ni maneno tu. Na mfuko bila watu wa kuulinda huota miguu.

Sisi wa Kongo tumekwisha kuonja kura ya namna hiyo. Mwezi wa Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu kura za komini katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Wanawake hawakuwa na kura. Burgumesta hakukaa kitini bila serikali kumkubali, na juu ya mji wote alikaa burgumesta wa kwanza aliyewekwa na serikali hiyo hiyo. Tulipewa kiti, hatukupewa ufunguo. Joseph Kasavubu, burgumesta wa Dendale, alilisema waziwazi mwezi wa Aprili 1958 siku ya kushika kazi: akadai kura kwa wote na nchi ijitawale. Lakini huku Katanga, wengi walipoona matokeo ya Elisabethville hawakuuliza mfuko uko wapi. Waliuliza burgumesta ametoka jimbo gani, ni wa kabila gani. Kwa uchungu huo Conakat ilizaliwa mwaka 1958, na tunajua damu iliyofuata.

Hapo Poplar inatufundisha tena. Lansbury alikuwa Mkristo wa kanisa la Kiingereza. Minnie alikuwa binti wa Wayahudi waliohamia London. Waliingia gerezani kwa neno moja, nalo ni njaa ya watu wao. Njaa haiulizi kabila. Kapita mlangoni mwa mgodi naye, siku ya kupunguza watu, hukata kazi ya yeyote.

Jambo la mwisho. Mwaka 1965 Poplar iliunganishwa na Stepney na Bethnal Green, ikawa komini ya Tower Hamlets. Huko, mwaka 2015, mahakama ilifuta uchaguzi wa meya wa mwaka 2014 kwa sababu ya udanganyifu. Nani alishtaki? Si waziri, si polisi. Ni wapiga kura wanne wa komini ile. Basi msifikiri kwamba nchi ya zamani haina wezi wa kura. Wapo. Lakini mwenye kura akilala, hata sheria nzuri hulala pamoja naye.

Mwezi wa Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa kwa kura ya watu katika miji mikuu ya majimbo ya Kongo. Mshauri wa kartie yako unamjua? Umekwenda kumwuliza? Msiende kwake kuomba bia wala kitambaa. Mwulizeni mambo manne. Kodi ya soko ilizaa feza ngapi mwaka huu? Ilikwenda wapi? Mali inayotoka chini ya miguu yetu inarudisha nini katika komini yetu? Na kama wakubwa wakikuambia unyamaze, utanyamaza?

Akijibu, mshikeni mkono na mtembee naye, hata mpaka mahakamani kama watu wa Poplar. Akikimbia, liwekeni jina lake vizuri kichwani mpaka siku ya kura.

Wandugu, fungueni macho. Kura yenu ni ufunguo, msiiuze kwa kilo moja ya unga.