Alama za kikundi zigawanywe kwa haki

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana sipingi kazi za vikundi katika vyuo vyetu vikuu. Ninachopinga ni mhadhiri kupokea ripoti moja yenye majina sita, kuipa alama 70, kisha kuwapa wote sita 70 hiyo hiyo.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaelewa ninachosema. Watu wanne wakichanga mtaji wa kuleta mchele au vitenge, faida hugawanywa kwa kuangalia nani alitoa kiasi gani na nani alisafiri na mzigo. Asiyetoa fedha wala jasho hapewi fungu sawa.

Hapa Rwanda tatizo hili lina sura yake. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, nionavyo mimi, mzigo wa kuandika mara nyingi humwangukia mwanafunzi aliyerejea kutoka Uganda au Tanzania. Yeye anakesha, wengine wanaongeza majina tu. Lakini yupo pia anayefanya biashara Rusizi au Rubavu, aliyekusanya bei sokoni na kupiga hesabu zote, ila Kiingereza kinampiga chenga. Wenzake wakiulizwa nani alifanya kazi, humsahau kwa kuwa hakuongea siku ya kuwasilisha.

Kwa hiyo kuwaachia wanafunzi wapeane alama wenyewe hakutoshi. Urafiki na chuki huingia humo. Rai yangu ni kwamba nusu ya alama itokane na ripoti ya pamoja, na nusu itokane na kazi ya kila mtu. Kikundi kiwe na daftari tangu siku ya kwanza: nani kapewa kazi gani na kaileta lini. Wanafunzi wapimane kwa siri. Kisha mhadhiri amuulize kila mmoja maswali kwa dakika tano. Anayekwama kwa Kiingereza aruhusiwe kueleza kwa Kinyarwanda, au kwa Kiswahili kilichofanywa lugha rasmi mwaka 2017.

Wahadhiri watasema madarasa yamejaa mno. Basi waanze kuwaita wale ambao daftari linasema hivi na wenzao wanasema vile. Hao hawatakuwa wengi.

Shahada huandikwa jina la mtu mmoja, si la kikundi. Mwajiri anayeisoma ana haki ya kujua mwenye jina hilo anaweza kufanya nini.