TUSIACHE MBACHAO

Mtu aliyezoea unga, akiukosa, hupatwa na mateso ambayo vijana wa mijini wameyapa jina la arosto. Mifupa humuuma, hutapika na kuharisha, jasho humtoka huku akitetemeka kwa baridi, wala hapati usingizi. Wengi walioazimia kuacha wamerudi nyuma, si kwa kupenda uovu, bali kwa kushindwa kuzivuka siku hizo chache. Kwa hiyo kila habari ya dawa iwezayo kupunguza mateso hayo yastahili kusikilizwa.

Habari yenyewe ni hii. Mwili wa mtu, kama wa panya, hujitengenezea kemikali zinazotuliza mishipa ya fahamu, zikigusa mahali pale pale katika ubongo panapoguswa na bangi. Kemikali hizo hazidumu, maana vimeng'enya viwili, viitwavyo kwa kifupi FAAH na MAGL, huzivunja upesi. Mwaka 2011 wataalamu wa Virginia, Marekani, walieleza jinsi walivyowapa panya morfini mpaka wakaizoea, kisha wakawapa naloksoni, dawa inayoiondolea morfini nguvu zake ghafula. Panya wakarukaruka, wakatikisa miguu, wakaharisha na kupungua uzito. Lakini wale waliotangulia kupewa dawa ya kuzuia MAGL walipata nafuu ya dalili hizo. Waliopewa dawa ya kuzuia FAAH walipunguza kuruka na kutikisa miguu, ila kuharisha kulibaki pale pale.

Twawapongeza wataalamu hao. Wala asitokee mtu akaifanya habari hii kuwa ruhusa ya kuvuta bangi: kuzuia kimeng'enya kwa kipimo cha maabara ni jambo moja, na moshi wa kijiweni ni jambo jingine.

Hata hivyo, panya si mtu. Mwezi wa Januari 2016, mjini Rennes, Ufaransa, dawa mpya ya kuzuia FAAH, ambayo ilikwisha kujaribiwa kwa wanyama, walipewa watu wenye afya waliojitolea. Mmoja wao alifariki dunia, na wengine wakalazwa hospitali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dawa ile iligusa pia vimeng'enya vingine ambavyo haikukusudiwa kuvigusa. Hatusemi kwamba dawa zote za jamii hiyo ni sumu. Twasema tu kwamba njia itokayo kwenye kizimba cha panya hadi kitandani kwa mgonjwa ni ndefu, na hapana budi ipitwe hatua kwa hatua.

Tena panya hana kijiwe cha kurudia, wala hana rafiki wa kumwita, wala deni, wala mama aliyekata tamaa naye. Kumvusha mtu arosto si kumponya. Bali aliyekwisha kuvuka yumo katika hatari mpya: mwili wake umepoteza mazoea, na akirudia kipimo chake cha zamani chaweza kumwua.

Wapo wasemao kwamba methadoni ni kubadili kilevi kwa kilevi, na kwamba yafaa tungoje dawa hizo mpya. Sisi hatukubaliani nao. Huduma ya methadoni ilianza katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na baadaye ikafika Mbeya, Mwanza na kwingineko. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Humkinga na arosto mchana na usiku, naye aweza kwenda kazini na kulea watoto wake. Aachapo sindano, huepukana pia na virusi vya UKIMWI vinavyoenezwa kwa kuchangia sindano. Hayo yamethibitika kwa watu, si kwa panya.

Lakini huduma hiyo ilianzishwa kwa msaada wa fedha za Marekani, na mwezi wa Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje. Hilo ni fundisho kwetu. Mgonjwa wa methadoni hawezi kungoja mwaka wa fedha ujao, kwani akikosa kikombe chake kwa siku chache, arosto humrudia na muuza unga yuko mlangoni. Twaiomba Serikali yetu ihakikishe kwamba dawa hii inanunuliwa kwa fedha zetu wenyewe, na kwamba kijana wa wilaya ya mbali haipotezi siku nzima njiani kwa ajili ya kikombe kimoja.

Wataalamu na waendelee na panya wao, nasi twawatakia heri. Siku watakapotuletea dawa iliyothibitika kwa watu, tutaipokea kwa mikono miwili. Mpaka siku hiyo tushike tulicho nacho, maana wazee walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.