Vipimo vya Barafu Visikatizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu satelaiti zinazopima unene wa barafu ya bahari ya Aktiki.

Wapo wanaodai kuwa picha zinatosha. Sikubaliani nao. Picha huonyesha eneo lililofunikwa, si unene. Barafu yaweza kuenea vile vile huku ikizidi kuwa nyembamba.

Rada hupima kimo cha barafu kilicho juu ya maji. Kimo hicho ni kidogo, kwani sehemu kubwa imezama. Kosa la sentimita chache juu huwa kosa kubwa katika unene wote. Tena theluji hutatiza, maana huikandamiza barafu kwa uzito wake. Ndiyo sababu mwaka 2020 njia ya CryoSat-2 ya Ulaya ilirekebishwa ilingane na ya ICESat-2 ya Marekani. Leza ya Marekani huishia juu ya theluji, lakini rada hupenya hadi karibu na barafu. Tofauti yake hukadiria kina cha theluji.

CryoSat ya kwanza ilipotea iliporushwa mwaka 2005. Hawakukata tamaa, ya pili ikaruka mwaka 2010. Hata hivyo satelaiti huzeeka. Nashauri mataifa yenye uwezo yasingoje moja ife ndipo yaunde nyingine.

Sisi walimu twajua: daftari la mahudhurio lisipojazwa leo, kesho utabuni tu. Barafu ikishayeyuka haipimiki tena.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.